Kabla Hujaizima Taa ya Spana

Kishanda, Ijumaa, saa tisa mchana

Kemilembe mwanangu, fundi wangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga Bibi yako, na ninavyomjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili na ubebe kapu la viazi vikuu ambalo hatuna pa kuliweka. Kwa hiyo nina kama masaa matatu. Nimefunga mlango wa sebule, nimemwambia Baba yako asiniite hata ndizi zikiungua, na nimechukua daftari lako la zamani la fizikia kwa sababu ndilo lenye kurasa safi. Upande wa pili utakuta michoro ya betri na balbu, kazi yako ya kidato cha pili. Ulipata nane kwa kumi. Zile mbili nilitaka kwenda kumuuliza mwalimu wako amezipeleka wapi, ukanishika sketi ukanizuia.

Mambo ya kula vizuri, kusali, kutomkopesha kila anayekuchekea, sitayaandika. Nimeyasema tangu Pasaka mpaka sasa unanimalizia sentensi kabla sijafika katikati. Jana nilisema "Kemi, ukifika Mwanza," ukadakia, "nisinywe maji ya bomba, Maawe." Sawa. Umeiva. Nina neno moja tu ambalo hujawahi kulisikia kutoka kwangu, na hilo siwezi kulisema kwa mdomo. Unajua mdomo wangu. Ukianza kusema kweli unapita kwanza kwenye masifa, na ukimaliza masifa wageni wamekwisha kuondoka.

Basi acha niyamalize masifa hapa hapa. Wakisema Wahaya tunajisifu, mimi huwajibu kwamba tunataja tu vilivyopo. Vilivyopo ni hivi: mama yako, darasa la saba, ndiye mwanamke wa kwanza katika Kishanda yetu kuendesha gari lake mwenyewe. Si la mume, wala la parokia. Gari langu, lililotoka kwenye vanila yangu na kahawa yangu, lilikuja kutoka Japani likiongea Kijapani kila ukiliwasha, na mimi nililijibu kwa Kihaya mpaka tukaelewana. Nimebeba maharusi kwa gari lile, nimebeba wajawazito watatu, mmoja akamwita mwanawe jina langu. Nimepeleka ndizi zetu za kupika, ebitoke, Bukoba wakati wanaume wenye magari makubwa wanaogopa matope. Hayo yote ni kweli na shahidi ni barabara.

Lakini kuna siku ya tatu ya kujifunza. Sikuwahi kukusimulia yote. Nilikanyaga mafuta nikidhani ni breki, nikaingia nalo kwenye kibanja, nikalaza mibuni minne. Nikalirudisha gari mahali pake, nikalifuta majani. Baba yako aliporudi nikamwambia ng'ombe wa jirani wamekata kamba. Akaenda kutazama. Akainama, akakaa pale muda, akasimama akaniambia, "Mama Adve, ng'ombe huyu amevaa matairi mapya." Tulicheka mpaka nikakaa chini. Mpaka leo kwenye sherehe hukisimulia kisa hicho na watu hunipigia makofi.

Unaona nilichojifunza pale, mwanangu? Nilijifunza vibaya. Nilitoka kibanjani nikiamini kwamba uongo wangu ni wa kuchekesha.

Sasa nikupeleke Buhembe, kwa Fundi Deusdedit. Jina hilo najua ukilisikia unakunja uso. Ukunjue kidogo, usome.

Kabla ya yale yaliyotokea, yule bwana ndiye alikuwa daktari wa gari langu. Mwembamba, mpole, anafuta mikono mara mbili kabla ya kukusalimia. Kila akimwaga oili alikuwa na mazoea yake. Akishatia mpya na kufunga filta, anakata kipande cha tepu nyeupe, anaandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya kilometa ambayo gari likifika lirudi kwake, anakibandika ukingoni mwa mlango wa dereva, pale ambapo huwezi kupaona mpaka mlango uwe wazi. Kisha ndipo anaingia ndani kuifuta ile taa ya manjano, yenye alama ya spana, inayokukumbusha kwamba muda wa oili umefika.

Nilimuuliza siku moja, "Fundi, unaandika ya nini na taa ipo?"

Akasema, "Taa inahesabu tu, Mama Kemi. Oili yenyewe haioni. Ukiibonyeza inaanza kuhesabu upya, hata kama humo ndani pamejaa uji."

Nikasema haya. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kidole chake. Wewe umesomea mambo haya chuoni miaka miwili, mimi niliyasomea dakika moja dirishani. Aliwasha swichi bila kuwasha injini. Akabonyeza kile kitufe cha kilometa mpaka kwenye kioo ikaja ile hesabu ya safari yenye herufi A. Akazima. Akakibonyeza tena kitufe, akakishikilia bila kuachia, akawasha swichi, na vistari kwenye kioo vikaanza kupotea kimoja kimoja mpaka zikabaki sifuri tupu. Spana ikazimika. Nilirudi Kishanda siku hiyo najiona profesa. Nilimwambia Baba yako, "Kile kidude nakijua sasa." Akasema, "Kidude gani?" Nikasema, "Wewe kaa tu."

Mwaka ule ule ndipo wakwe wa dada yako Adventina, Adve wetu, walipotaka kuja kujitambulisha. Unakumbuka kelele zilivyokuwa hapa nyumbani. Watu wa Rubafu, wasomi, na yule mjomba wa kijana aliyekuwa mkubwa kazini huko Dar es Salaam, mwenye fimbo ya kutembelea ingawa miguu yake mizima. Nikatuma neno kwamba wasihangaike na usafiri. Wafike Bukoba mjini tu, mimi mwenyewe nitawafuata na gari langu. Sikusema gari. Nilisema gari langu.

Wageni walikuwa waje Jumamosi. Jumatano, spana ikawaka.

Mwanangu, hata kama huniamini mambo mengine, hili liamini: nilijua maana yake. Sikuwa mjinga. Na Ijumaa nilikuwa Bukoba nikinunua vitambaa vya meza, gereji ya Deusdedit iko njiani kabisa. Lakini siku ile nilikuwa na nafasi ya kitu kimoja tu, oili au nywele. Nikasuka.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikaliosha gari kwa sabuni mpaka kuku wakajitazama kwenye mlango. Nikafungua mlango wa dereva, nikaiona ile tepu ya fundi, imeshika vumbi, ina alama ya dole gumba lenye grisi. Nikaiona kama kiraka kwenye gauni la sherehe. Nikaibandua. Sikuitupa, maana nilikuwa na nia, waitu, nia nilikuwa nayo, ya kwenda Jumatatu. Nikaibandika ndani ya jalada la kitabu changu cha sala ili nisiisahau namba. Halafu nikakaa kwenye kiti, nikawasha swichi, nikashikilia kitufe, nikavitazama vile vistari vikipotea. Sifuri.

Nilijisikia vizuri sana, siwezi kukuficha. Nilijisikia kama nimelitengeneza.

Kesho yake yule mjomba alikaa mbele, kando yangu. Tulipofika Kemondo akainamia dashibodi yangu kama mtu anayekagua shule. Akasema, "Gari lako safi, mama. Halina taa hata moja."

Nikamjibu, "Mimi silei taa, mzee."

Akacheka, akawageukia wenzake nyuma: "Mmesikia? Huyu halei taa!" Neno lile lilimfikisha Adventina kwenye ndoa, ndivyo nilivyojiambia. Walilirudia kwenye kujitambulisha, wakalirudia kwenye mahari, wakalirudia kanisani nje. Ningewezaje kurudi nyuma?

Jumatatu sikwenda. Ilikuja misa ya shukrani, ikaja Krismasi, ikaja harusi yenyewe, halafu kahawa ikaiva na kila mtu akataka magunia yake yafike. Spana haikuwaka, kwa kuwa nilikuwa nimeirudisha utotoni. Kijiti cha kupimia oili sikukivuta hata siku moja. Kila Jumapili nikifungua kitabu cha sala naikuta namba ya fundi inaniangalia, na kilometa za gari zimekwisha kuipita. Unajua nilifanya nini? Nilichukua picha yako ya komunyo ya kwanza, ile umevaa shela umefumba jicho moja, nikaiweka juu yake.

Iliyobaki ulikuwepo, lakini ngoja niisimulie jinsi ilivyokuwa upande wangu.

Ulikuwa unafunga shule, kidato cha tatu. Nilikuja kukuchukua Bukoba na sanduku lako na godoro. Tunapandisha ule mlima baada ya Kemondo, nikasikia ko, ko, ko. Ukasema, "Maawe, kuna kitu kinagonga." Nikasema ni sanduku lako. Ukasema sanduku liko juu ya godoro. Ndipo ikawaka ile taa nyingine, nyekundu, yenye alama ya kibirika, ambayo ikiwaka wewe mwenyewe unajua kwamba umechelewa. Gari likapiga kelele moja kama mtu aliyebanwa kidole, likanyamaza. Kijana mwenye pikapu ya matofali akatufunga kamba, akatuvuta kurudi Buhembe, wewe umekaa kiti cha mbele na sare yako.

Fundi Deusdedit alifungua boneti, akavuta kijiti, akakigeuza juani. Nchani hapakuwa na kitu, juu kidogo kuna utomvu mweusi kama lami.

"Mama Kemi, oili hii ni ya lini?"

"Ni ile uliyoweka wewe."

"Lini?"

"Unaniuliza mimi? Nani fundi hapa?"

Akafuta mikono mara mbili. "Spana haikuwaka?"

"Haikuwaka. Muulize mtoto, sisi wote tulikuwemo humo ndani."

Ukasema, "Haikuwaka, fundi." Ulisema kweli. Ulipopanda gari lile, ilikuwa imezimika miezi mingi.

Akasema, kwa upole ule ule, "Basi tukasome mlangoni. Mimi huandika."

Kemi, hapo ndipo ningeweza kusema. Gereji ilikuwa na watu, wateja wanne watano, wanawake wawili wanauza ndizi za kuchoma, nami nina nywele zangu na jina langu. Nilifikiri, nikisema sasa, nitakuwa mwanamke wa kwanza wa Kishanda kuua gari lake mwenyewe. Nikawaacha mwende. Akafungua mlango wa dereva, nawe ukachungulia chini ya mkono wake.

Ukasema, "Hakuna kitu, Maawe."

Sauti yako ilikuwa ya furaha. Ulikuwa umenipatia ushindi. Na mimi nikauchukua.

Nilimwita mwizi wa oili. Nilimwita fundi wa baiskeli aliyepotea njia. Nilisema anaandika hewani na kulipwa duniani, na watu wakacheka, nami nikisikia watu wanacheka unajua ninavyopanda. Nilisema kila mwenye gari Muleba atasikia, na kweli nilihakikisha wamesikia. Kwenye harusi, sokoni, nje ya kanisa. Yeye alikuwa bado amesimama mlangoni. Alipeleka kidole pale mahali pa tepu, akakipitisha taratibu, halafu akasugua kidole na dole gumba, hivi, kama mtu anayeonja unga. Akanitazama. Akakutazama wewe. Akasema, "Sawa, Mama Kemi." Basi. Neno hilo tu.

Wewe unakumbuka kusugua kule? Mimi kumenikaa kichwani miaka sita.

Gari likakaa nyuma ya nyumba mwaka mzima, kuku wakitagia kiti cha nyuma, mpaka tukapata injini nyingine. Na wewe, mwanangu, ukaanza kukaa nalo. Ukirudi likizo unaingia chini yake na tochi. Siku moja ukatoka na grisi mpaka kwenye nyusi ukaniambia unataka chuo cha ufundi. Watu wakasema msichana huyu mwenye akili si aende uuguzi? Niliwafunga midomo mmoja mmoja. Nilisema wangu atakuwa fundi wa injini, na ninyi mtamletea magari mkiwa mmepanga foleni. Hilo nalo ni katika vilivyopo.

Lakini sikuwahi kukuuliza kwa nini. Niliogopa jibu. Nalo likaja lenyewe Jumapili iliyopita.

Tulipokufanyia ile sherehe ndogo ya kukuaga, jumuiya yote imekaa, Bibi yako mbele na kikapu cha akamwani anawagawia watu kahawa ya kutafuna, mwenyekiti akakuambia useme neno. Ukasimama. Mrefu, mzuri, umenifanana kabisa. Ukasema, "Nimekuwa fundi kwa sababu fundi mmoja wa Buhembe alimuulia mama yangu injini, akamwongopea mbele yangu. Niliona mlango kwa macho yangu, hauna kitu. Nikasema nitasoma, ili asitokee mama mwingine wa kufanyiwa vile."

Walipiga makofi mpaka mbwa wakatoka. Mimi nikapiga vigelegele. Nilianza kwa sauti yangu ya kawaida, halafu katikati vikakwama, nikajifanya nimepaliwa na kahawa. Baba yako akanipiga mgongoni. Yeye alikuwa anajua, maana siku moja alifungua kitabu changu cha sala kutafuta wimbo. Hakuwahi kuniambia kitu. Lakini alivyokuwa akinipiga mgongo Jumapili, alipiga zaidi ya kinachohitajika kwa kahawa.

Sasa unaona ninachoogopa. Siogopi kwamba utanidharau. Utanidharau kidogo, utanisamehe, wewe ni damu yangu na damu yangu haikai na kinyongo, haina nafasi. Ninachoogopa ni kwamba unakwenda Mwanza, kwenye gereji kubwa, na kila mtu atakuuliza, binti, umeingiaje kwenye kazi hii? Na wewe utawasimulia mlango ule. Utausimulia mpaka uzeeke. Utamtazama kila fundi mzee kwa jicho la Buhembe, na siku mteja atakapokuja anapiga kelele na mlango mtupu, utamwamini, kwa sababu alifanana na mama yako. Macho yako hayakukosea siku ile. Mimi ndiye niliyewahi kufika mlangoni kabla yao.

Jana niliposema nakwenda mjini kununua dawa ya mende, nilikwenda kwake.

Gereji haiko tena barabarani. Ameirudisha nyuma ya nyumba yake, anatengeneza pikipiki zaidi, magari machache. Walikuwepo vijana wawili wa bodaboda, mzee mmoja na trekta dogo, na mke wake anamenya ndizi kizingitini. Nilishuka. Aliponiona akafuta mikono, mara mbili. Nilikuwa nimepanga kumvuta pembeni. Halafu nikafikiri: nilipomtukana nilisikika mpaka barabarani, nikimwomba radhi kwa kunong'ona nitakuwa nimempunja.

Basi nikapaza. Unajua sauti yangu ikipata kazi. Nilisema, "Jamani, mimi ndiye niliyesema Deusdedit ni mwizi wa oili! Tepu aliibandika, niliibandua mimi! Taa niliizima mimi, kwa kidole hiki, kwa sababu ya wakwe! Injini niliiua mwenyewe!"

Mmoja wa bodaboda akauliza, "Mama, hii ni injili ya nje?"

Mke wake akaacha kisu kwenye beseni akasema, "Mwache. Mimi nimeisubiri hii." Hakutabasamu, na ana haki.

Deusdedit yeye akasema, "Gari limekuja kumwaga oili au limekuja kusikiliza?" Nikasema yote mawili. Akaingia chini yake, mgongo unamsumbua siku hizi, akafungua nati, oili ikaanza kutoka. Tukakaa tunaitazama inavyochuruzika, na ndipo nikamuuliza.

"Siku ile uligusa gundi."

"Niligusa. Gundi ya tepu yangu naijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akalisogeza karai kidogo ili oili isimwagike pembeni. Akasema, "Mwanao alikuwa amesimama pale, Mama Kemi. Mimi hakuwa ananiangalia. Alikuwa anakuangalia wewe."

Sikulia. Nilishika boneti tu.

Baadaye akauliza, "Yule wa sare, amekuwa nani?" Nikamwambia ni fundi. Akauliza, "Wa bodi au wa injini?" Nikasema, "Wa injini! Mwanangu apake rangi?" Hapo akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mwambie atafute gereji yenye shimo la kusimama wima. Asilale chini ya magari miaka thelathini kama mimi." Nimekufikishia.

Sijui kama wateja wake watarudi kwa sababu ya kelele zangu za jana. Nitapita kwao wenyewe mmoja mmoja, wa sokoni, wa kanisani, wote niliowajaza maneno. Nikiweza kueneza uongo Muleba nzima kwa msimu mmoja wa kahawa, kweli itanishindaje? Hakuna mwenye mdomo kama huu.

Akatia oili mpya, akafunga filta mpya. Akaandika tepu, nikamwomba anipe niibandike mwenyewe, nikaibandika, nikaisugua na ukucha mpaka pembe zote zikalala. Akanyoosha mkono kwenda kwenye kitufe kuizima spana, maana ilikuwa inawaka tangu Jumatatu. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Hii iache. Ina mwenyewe."

Kesho mchana tunashuka Bukoba kupanda meli yako. Nimeamua wewe ndiye utaendesha, mimi nitakaa kando na kapu la Bibi yako mapajani. Barua hii utaikuta juu ya usukani, na ndani yake ile tepu ya zamani, nimeibandua kutoka kwenye kitabu cha sala. Mwandiko ni wa Deusdedit, dole gumba la grisi ni lake. Picha yako ya komunyo imebaki peke yake mahali pake, na sasa naweza kuitazama vizuri. Umefumba jicho la kushoto.

Ukimaliza kusoma, usinifuate kizingitini kunikumbatia. Nitaharibika, na nimesuka. Fanya kazi yako kwanza. Ukiwasha swichi utaiona spana inawaka. Mimi nitakuwa nimekwisha kukuambia kwamba oili ni mpya, na ndivyo ilivyo, lakini mimi niliwahi kukuambia mambo. Fungua boneti. Vuta kijiti, kifute, kichovye tena, kigeuze juani kama alivyofanya yeye. Halafu fungua mlango, usome namba ukingoni, uilinganishe na kilometa. Ukiridhika kwa macho yako, hapo ndipo ushikilie kitufe, vistari vipotee.

Njiani tutaipita Buhembe. Nyumba yake ina geti la bati la bluu, kabla ya kona. Kusimama au kutosimama ni juu ya dereva. Mimi sitasema neno kutoka Kemondo mpaka hapo, na wewe peke yako duniani unajua ni kazi gani hiyo kwangu.

Nasikia Baba yako anauliza mlangoni kama nimelala. Ndizi zimeungua, nadhani.

Kesho nitakaa kizingitini na kapu la Bibi yako, nimegeuzia gari mgongo, nikisubiri sauti ya boneti kufunguka.

Mama yako, dereva wa kwanza mwanamke wa Kishanda, na mama wa fundi